Kiatu cha Kulia cha Asger

Mdogo wangu Asger alizaliwa na vidole saba vya miguu: vitano kushoto, viwili kulia. Mguu wa kushoto ni mrefu, unavaa namba arobaini na sita. Wa kulia ni mfupi, umeumuka kwa juu kama andazi, na namba arobaini na moja inautosha. Mimi ni dada yake wa pekee. Nimeingia naye maduka ya viatu mara nyingi kuliko nilivyoingia kanisani, na duka la viatu ndilo lililonifundisha kutukana. Kwa hiyo aliponipigia simu mwezi wa nne akauliza kama nina nafasi Jumamosi, sikuuliza ya nini. Nilimwambia nitapeleka gereji basi la shule ninaloendesha Ijumaa, Jumamosi ni yake.

Safari hii vilikuwa viatu vya harusi. Asger alikuwa amempata Vibeke, mwanamke wa kisiwa cha Mors mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya maji, nasi sote tulikuwa tumeshakata tamaa kwamba ataoa. Mkulima wa viazi mwenye miaka arobaini na kitu, anayeongea na trekta kuliko anavyoongea na watu, nani angemtazamia?

Si kwamba hakuwa na viatu. Shambani anavaa gambuti, na kwa kanisani ana jozi nyeusi, zote mbili namba arobaini na sita. Siri iko ndani ya soksi ya kulia. Mama humfumia kizibo cha sufu nyekundu, kigumu, chenye umbo la mbele ya mguu, na Asger hukisukuma mpaka kwenye ncha ya soksi ndipo anavaa kiatu. Ukimwona anatembea hujui kitu. Mama alifuma kizibo cha kwanza Asger akiwa darasa la pili, siku aliporudi kutoka kwenye bwawa la kuogelea la shule amenyamaza. Wavulana walikuwa wameuona mguu wakampa jina Koleo. Wavulana wenyewe walishatawanyika zamani, mmoja yuko Copenhagen anauza bima, lakini Asger hakuvua tena soksi mbele ya mtu. Baharini tukienda wakati wa joto, yeye hukaa kwenye mchanga na viatu vyake kama askari wa zamu.

Kizibo kinafaa kwa kutembea. Kwa kucheza hakifai. Walipofanya mazoezi ya valsi, ile dansi ya maharusi ya kuzunguka, jikoni kwa Vibeke, Asger alizungukia mguu wa kulia, kiatu kikachomoka, kikaruka, kikatua kwenye sufuria ya viazi. Vibeke alicheka mpaka akakaa chini. Asger naye alicheka, ila kesho yake ndipo aliponipigia simu.

Na hilo la kuchomoka lilikuwa nusu ya taabu. Nusu ya pili mtu yeyote wa kwetu anaijua. Bwana harusi akimaliza kucheza valsi na mkewe, wanaume humkamata, humbeba juu juu kama gunia, humvua kiatu na kumkata ncha ya soksi kwa mkasi, vidole vikabaki nje watu wakashangilia. Eti ni ili asiende kutongoza kwingine na soksi yenye tundu. Tangu ujana wake, kwenye harusi za watu Asger hukaa karibu na mlango, na valsi ikianza anakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kuangalia. Hana hata ng'ombe mmoja.

Nilimwuliza kama Vibeke anajua. Mguu anaujua, akasema, analala nao. Woga ndio haujui. Vibeke alikuwa ameshatangaza kwa kila mtu kwamba harusi bila valsi si harusi, ni kusaini karatasi, na Asger hakuwa na ulimi wa kumweleza. Akanipa masharti yake ndani ya gari, macho yakiwa barabarani. Tupate viatu visivyochomoka katika dansi na visivyovuliwa mikononi mwa walevi. Tusipovipata, atamwambia Vibeke hakuna valsi, na Vibeke akitaka kuondoka aondoke.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Mimi sitaki kuzaa, dada. Nataka viatu."

Tulianzia mji wa Holstebro. Binti wa dukani alikuwa mpole, maskini, akatuletea soli za ndani za kila aina, akapanga na kupangua, kisha akamwomba Asger avue soksi ili auone mguu vizuri. Asger alisimama kama aliyekalia siafu. Tukashukuru tukatoka.

Duka la pili lilikuwa Struer, na huko ndiko nilikokasirika. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani juu ya kichwa. Asger alivua kiatu cha kulia, kizibo kikavutika na soksi kikaning'inia kama ulimi wa ng'ombe, na yule bwana akautazama mguu pale ndani ya soksi bila haya. Kisha akasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma ya duka, "Kwa mguu kama huu, bwana, ungejaribu duka la vifaa vya hospitali." Mama mmoja aliyekuwa anajaribisha kandambili akageuka kutazama.

"Na kwa mdomo kama wako," nikamwambia, "ungejaribu duka la zipu."

Asger alinivuta mkono. Yeye ndiye aliyetukanwa na yeye ndiye aliyeomba radhi, ndivyo alivyo. Tulikula soseji nyekundu za kibandani tumesimama kwenye upepo, hakumaliza yake. Alikuwa ameshaanza kutengeneza maneno ya kumwambia Vibeke, niliona midomo inavyocheza. Niliumia. Mtu amekaa peke yake miaka yote hiyo, halafu akipata wa kukaa naye, amkose kwa ajili ya kiatu?

Hapo nikamkumbuka Ellinor. Ellinor alikuwa mwalimu wa ngoma zetu za zamani, zile za kuzunguka zunguka na fidla, na alipostaafu aligeuza ghala lake, karibu na Vinderup, kuwa duka la viatu vya wachezaji. Nilikuwa nimewapeleka wachezaji kwake mara mbili tatu na basi. Kitu kimoja nilikikumbuka: anauza kiatu kimoja kimoja. Wachezaji huzungukia mguu mmoja, hivyo kiatu kimoja huisha mapema na mwenzake bado mzima, na kwa Ellinor hulazimiki kununua jozi.

Alitupokea na sigara mdomoni na mbwa miguuni. Hakuutazama mguu wa mtu. Alipanda ngazi kwenye rafu zake akauliza namba ya kushoto, Asger akajibu arobaini na sita. Akauliza na kulia, huku ametupa mgongo, kama mtu anayeuliza sukari vijiko vingapi. Asger akatazama mbwa. Nikajibu mimi: arobaini na moja. Ellinor akasema vizuri, akashuka na buti mbili nyeusi za ngozi laini, za kufunga kamba mpaka juu ya kifundo, moja ndefu na moja fupi.

Asger alitoa kizibo akakiweka mfukoni. Akaingiza mguu wa kulia, Ellinor akafunga kamba, akamwambia asimame. Alisimama. Akahamisha uzito kushoto, akahamisha kulia. Ellinor akawasha kaseti ya valsi, akamshika kiuno bila kuomba ruhusa, na mdogo wangu akazunguka ghala zima na bibi kizee yule mwenye sigara, akizungukia mguu wa kulia, na kiatu hakikucheza hata kidogo. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa mwepesi. Nilijifanya namkuna mbwa, machozi yalikuwa karibu.

Kisha wakapita mbele ya kioo, Asger akaganda. Kaseti ikaendelea yenyewe. Alitazama ile buti ndefu na ile fupi, akatazama tena.

"Wote wataona," akasema.

Nilimwambia watu kwenye harusi humtazama bibi harusi, hakuna anayepima buti za bwana. Ellinor naye alimwambia kwamba mcheza fidla wake bora alikuwa na kibyongo na watu waliserebuka. Asger hakusikia la mtu. Alitaka arobaini na sita zote mbili, na kizibo kikarudi ndani ya soksi. Zikifungwa kamba sana mpaka juu hazikuchomoka, hiyo ni kweli, lakini ule wepesi uliisha palepale. Alizunguka kama mtu anayebeba ndoo. Akasema zinafaa.

Nilikuwa nimechemka. Tulipofika kwenye gari nilisema nimesahau mkoba, mkoba wenyewe uko begani kwangu, nikarudi ndani nikainunua ile buti fupi ya kulia. Nilimfanyia Ellinor ishara anyamaze na nikaificha nyuma ya gari chini ya blanketi. Niliinunua kwa hasira tu, sikuwa na mpango wowote.

Harusi ilikuwa mwezi wa sita, kwenye ukumbi wa kijiji. Viazi vipya vya shamba lake mwenyewe, nyama ya ndama, stroberi. Watu walipopiga miguu chini, Asger na Vibeke wakaingia chini ya meza kubusiana kama inavyotakiwa, na waliporudi juu Vibeke alikuwa na makombo ya mkate kwenye nywele. Kila kitu kilikuwa kizuri, ila bwana harusi alikuwa anakunywa maji na kutazama mlango.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na urefu wa mlango. Kresten, kaka yake Vibeke, mvuvi wa kome kutoka Mors, mtu mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, alikuwa ameuning'iniza mkasi shingoni kwa utepe tangu asubuhi. Kanisani alikuwa nao. Kila akipita nyuma ya kiti cha Asger aliuchezesha, kacha kacha, akisema, "Shemeji, soksi zako zinanisalimia." Watu walicheka. Asger alinong'ona nami tukigawa kahawa: amefunga mafundo matatu kila buti, na mimi nikae upande wa mguu wa kulia, nisiuache. Wakikata, wakate wa kushoto. Nikamwahidi.

Fidla na kodiani vikaanza. Tukafanya duara, tukapiga makofi, na kama desturi tukawa tunasogea hatua kwa hatua mpaka maharusi wakabaki na nafasi ya kujigeuzia tu. Kiatu hakikuchomoka. Asger alicheza kwa kuhesabu, jasho likimtoka, na Vibeke alilia kwa furaha na wala hakujua kwamba mumewe anahesabu. Nikaomba Mungu muziki usiishe.

Uliisha. Wanaume wakamdaka, wakamnyanyua, miguu juu. Nikajipenyeza nikaikumbatia ile buti ya kulia kama mtoto wangu, nikamwambia Kresten kata ule, ule wa huko. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu akikumbatia buti kwa mikono miwili na uso umemwiva, nani hatashuku? Kresten alinitazama, akatazama buti, akatabasamu mpaka masikioni.

"Aa, kumbe mmeficha kitu humu," akasema, akanibandua kwa mkono mmoja kama gome.

Mafundo matatu kwa mvuvi si kitu. Buti ikatoka. Soksi nyeusi ilikuwa imejaa vizuri mpaka nchani, ya mtu mzima wa namba arobaini na sita. Asger alikuwa amefumba macho. Kresten alishika ncha, akafungua mkasi, akakata. Mkasi ulikuwa mkubwa na yeye alikuwa amekunywa, na alikata kwa nguvu ya kukata kamba ya nyavu. Ulisikika mkato mzito, si wa soksi tupu. Ncha ikaanguka sakafuni, na ndani ya ncha palikuwa pekundu. Kresten akainama kuchungulia tundu, akaona nyuzi nyekundu zinaning'inia, na nyuma yake vidole viwili, basi.

Uso ulimgeuka rangi ya unga.

"Nimemkata vidole," akasema. Mara ya kwanza alisema polepole. Mara ya pili ukumbi mzima ulisikia. "Nimemkata vidole! Leteni barafu!"

Kodiani ilitoa mlio mmoja ikanyamaza. Kresten alipiga magoti, jitu zima, akaanza kupapasa sakafu akitafuta vidole chini ya meza, chini ya sketi za watu, akilia huku anauliza vilianguka vingapi. Shangazi mmoja alimwaga ndoo ya barafu ya mvinyo mezani, na kwa kweli mtu alikuwa ameshaanza kupiga simu hospitali. Nilimwahidi mdogo wangu kitu kimoja tu, na sasa mguu wake ulikuwa juu, mbele ya kijiji chote na nusu ya kisiwa cha Mors, vidole viwili vimetazama dari.

Asger akafumbua macho. Alitazama mguu wake. Akamtazama Kresten, ambaye alikuwa ameokota kokwa la zeituni akaliangalia kwenye mwanga na kulitupa. Nikaona mabega ya Asger yanatikisika. Nilidhani analia.

"Shemeji," akasema kutoka huko juu walikombeba, "ukiviona niambie. Mimi navitafuta tangu nizaliwe."

Kresten aliinua kichwa. Hakuelewa. Asger akachezesha vile vidole viwili, vikafunga na kufunguka mbele ya uso wake, na nusu ya kizibo iliyosalia ikadondoka. "Nilizaliwa hivi. Hicho ulichokata ni sufu ya Mama."

Aliyecheka kwanza alikuwa Asger mwenyewe, mnielewe, na ndiyo maana wengine waliweza kucheka. Walimcheka Kresten. Walicheka mpaka waliombeba Asger wakaishiwa nguvu wakamshusha kwenye kiti. Kresten alimkumbatia akalia upya, safari hii kwa nafuu, akasema hajawahi kufurahi hivi kwa vidole kutokuwapo. Na Vibeke akapiga magoti na gauni lake jeupe kwenye yale maji ya barafu, akaushika ule mguu mikononi.

"Ndiyo maana siku nzima ulikuwa unatazama mlango?" akamwuliza.

"Ndiyo."

"Mjinga wee," akasema, akaubusu juu, pale ulipoumuka.

Sikungoja. Nilikimbia nje, kulikuwa bado kweupe, nikapekua chini ya blanketi nikarudi nimeificha buti mgongoni. Nilipoitoa, Asger aliitazama, akanitazama.

"Dada, mkoba ulikuwa begani," akasema. "Nilijua umerudia nini."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Niliogopa ukiulizwa utairudisha."

Akaivaa palepale, juu ya soksi iliyokatwa, mbele ya watu. Vibeke ndiye aliyefunga kamba, fundo moja. Hakuomba kioo. Wapiga muziki wakaanza tena, na safari hii hatukufanya duara wala kupiga makofi, tuliwaacha tu. Buti moja ndefu, moja fupi, na mdogo wangu akazungukia mguu wa kulia bila kuhesabu. Vibeke alihangaika kumfuata.

Mama alikuwa ameokota nusu mbili za kizibo sakafuni, amezishika mapajani. Nilikaa karibu yake. Mikono yake ilikuwa inazipapasa.

"Nilidhani namsaidia," akasema.

"Ulimsaidia, Mama. Ndicho kilichomtembeza mpaka hapa."

Alikuwa anamtazama mwanawe. Kisha akafungua mkoba wake akazitia ndani. Siku hizi amezishona pamoja zinakaa kwenye kapu lake la ufumaji, anachomekea sindano. Na Asger, wiki iliyopita tulikwenda baharini sote, akavua viatu kabla yangu.